Shangazi Alivyowapima Mmisri na Mmarekani

Kwetu Mombasa posa haijibiwi siku inapoletwa. Hata kama mnamtaka mtu huyo mpaka roho zinawatoka, mnasema, "Tumesikia, tupeni muda," kisha mnaanza kupeleleza. Mnauliza majirani, mnauliza msikitini, na wanawake wa nyumbani wanabuni sababu ya kwenda kutazama anakoishi. Shangazi yangu alikuwa bingwa wa kazi hii. Akifika kwa watu ataomba choo hata kama hana haja, atapita jikoni afungue friji akidai anatafuta maji, atashika pazia kwa vidole viwili, kisha atakaa kitako atabasamu. Miaka yote ya London haikumpunguzia hata chembe. Alikuja na tabia hiyo Harrow kama alivyokuja na mbuzi yake ya kukunia nazi.

Dadangu na mimi tulikuwa mikononi mwake. Baba alipofariki ndiye aliyetuleta huku, akatulaza chumba cha nyuma, akatusomesha, na haikupita wiki bila kutukumbusha. Dadangu akawa nesi. Mimi nikawa mtu wa kutunza wazee majumbani mwao, kuwaosha na kuwalisha, kazi ambayo Shangazi akiwaelezea watu aliiita "mambo ya afya". Tukawa watu wazima, bili za nyumba ile tunalipa sisi, na bado akikohoa tunasimama. Walii wetu wa kutuoza alikuwa ami, yuko Mombasa, na huyo ukimpigia simu jibu lake lilikuwa moja tu: "Muulizeni shangazi yenu."

Dadangu alipofika miaka thelathini na tisa, Shangazi alianza kumwita mali ya wakfu. Haiuzwi, hairithiwi, ipo tu. Alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni, nao wageni wanacheka, na dadangu anacheka pamoja nao huku anakusanya vikombe.

Ndipo mashine yetu ya kufulia ikaharibika. Fundi aliyekuja alikuwa Mmisri, mtu wa makamo, kitambi kidogo, mwenye duka la kutengeneza friji na mashine huko Neasden. Akaifungua, akatoa soksi ya Shangazi iliyonasa ndani, akakataa malipo. Alisema soksi moja si kazi. Dadangu akampa chai ya tangawizi. Wiki iliyofuata mashine ikaharibika tena, na nyingine tena. Mimi mwenyewe nilimfumania dadangu akitumbukiza sarafu ndani ya ile mashine, nikanyamaza, kwa sababu sikuwahi kumwona mwanamke amejipaka wanja kwa ajili ya kufua.

Yule bwana hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alikuja na mama yake, mzee mnene aliyevaa baibui jeusi, na sahani kubwa ya basbusa, keki yao ya shira, imefunikwa kwa karatasi. Akaposa kwa adabu zote. Shangazi naye akajibu kwa adabu zote, "Tumesikia, tupeni muda." Walipotoka akafunga mlango, akauegemea, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mmisri! Yarabi! Niwavushe bahari nzima nije nimwoze Mmisri!"

"Si Mwarabu?" nikamwambia. "Si wewe unayesema babu zetu walitoka Uarabuni?"

"Mwarabu wa mafuta ni Mwarabu. Mwarabu wa kupanga foleni ya mkate ni nani?"

Kesho yake akapiga simu Peckham, kwa rafiki yake anayeuza muhogo na ndizi, mwanamke anayejua ya kila mtu. Haukupita muda Mmarekani akapatikana. Alisilimu zamani, hajawahi kuoa, mpole, anafanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni ya fedha, anakaa kwenye jengo refu kando ya mto. Shangazi hakutaka kusikia zaidi. Usiku huo alituketisha jikoni akatupimia mataifa mawili kama mtu anayepima mchele.

"Mmisri akipata pauni, nusu inakwenda kwao. Ana mama, ana ndugu, ana mashangazi, wote wamekaa na midomo wazi. Mmarekani nani anamngojea? Kwao ndiko wanakochapisha hizo dola. Hebu niambieni, mmewahi kumwona Mmarekani akiomba?"

"Shangazi," dadangu akasema, macho yake kwenye sinki, "mimi namtaka yule Mmisri."

Sikuwahi kumsikia dadangu akisema "namtaka" kwa kitu chochote, si nguo, si chakula. Nilitaka kumkumbatia.

"Kutaka!" Shangazi akasema. "Umri wako huo, mwanangu, una nafasi ya kutaka? Tutakwenda kutazama kwa wote wawili, na atakayeshinda ndiye. Hiyo ndiyo haki."

Kwa Mmarekani tulikwenda kwanza. Lifti ilitupandisha bila sauti, na Shangazi akajitazama kwenye kioo chake kama bibi harusi. Nyumba ilikuwa ya kioo upande mmoja mzima, mto unaonekana chini, na ndani mna kiti kimoja kikubwa, baiskeli imetundikwa ukutani, basi. Mimi nilikaa sakafuni. Akatuletea maji ya bomba kwenye glasi nzuri sana, na bakuli la viazi vya pakiti. Shangazi akaenda choo, akapita kwenye friji. Baadaye aliniambia alichokiona: chupa ya haradali, nusu ya limau na dawa ya macho.

Yule bwana alikuwa mtu mwema. Alizungumza waziwazi, mambo ambayo sisi hatumwambii hata daktari. Alisema bado analipa deni la chuo kikuu, na kichwa kimeshaanza mvi. Kodi ya hicho kioo inakula karibu mshahara wote. Baba yake aliugua, matibabu yakala nyumba yao, akafa hivyo hivyo, na mama yake sasa amepita sabini na bado anasimama dukani kuwafungia watu bidhaa kwenye mifuko. Kampuni ikimwacha, alisema, itambidi aondoke kwenye nyumba na aondoke nchini, maana kibali chake kimefungwa na kazi. Yote hayo aliyasema akitabasamu, meno meupe, yamepangika.

Shangazi, ambaye Kiingereza anakisikia nusunusu, alikuwa akiitikia, "Veri gudi. Veri gudi."

Kwenye lifti nikamwambia, "Shangazi, huyu hana kitu."

"Hana kitu? Umeliona lile dirisha?"

"Kodi ile."

"Mtu hapangi dirisha kama lile kama hana pesa," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa mjadala.

Neasden tulikwenda Jumapili. Duka lilikuwa chini, mashine za watu zimejaa mpaka kwenye mlango, na juu yake vyumba vitatu. Humo walikaa yeye, mama yake, ndugu yake, mke wa ndugu yake na watoto wao. Kabati la nguo lilikuwa ukumbini, unapita ubavu. Ukuta mmoja ulikuwa na unyevu uliopakwa rangi juu, na unyevu umerudi. Shangazi alikwenda choo akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na furaha.

Lakini chakula! Yule mama alikuwa amepika tangu alfajiri, na ilionekana. Majani ya zabibu yaliyojazwa wali, bata mzima, mchuzi wa majani ya mulukhiya, makaroni ya kuoka, mikate ya moto inatoka jikoni mikononi mwa mke wa ndugu. Hatukuruhusiwa kuacha. Ukisema umeshiba, anakuapia kwa Mungu na kukuongezea. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alitusimulia maisha yao bila kuficha. Mkononi alikuwa na alama nyeupe za bangili, bangili zenyewe hazipo. Alizifuata zile alama kwa kidole akasema dhahabu imekuwa duka. Akasema pia kwamba wanacheza upatu, wao na Wamisri wengine, kama tunavyocheza sisi, na zamu yao ilikuwa imekaribia. Zamu hiyo ingekuwa ya harusi. Alipofika hapo akamtazama dadangu, akamshika kidevu kama mtoto. Dadangu alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mimi niliyemjua maisha yangu yote nikaona kumbe ni mzuri.

Walikuwa maskini, sisemi hawakuwa. Sipendi zile hadithi ambazo mwishoni fukara anatoa hazina chini ya kitanda. Walikuwa wamebanana, wanakohoa na unyevu, wanahesabu kila kitu. Tofauti yao na yule wa mtoni ni kwamba wao walijua vizuri wako vipi, na mtu mmoja akianguka pale kulikuwa na wengine wa kumdaka.

Mteja akagonga duka chini, ijapokuwa ni Jumapili. Yule bwana akaomba radhi akashuka. Ndugu yake akamfuata. Tukabaki wanawake, yule mama mbele yetu na upawa wake, watoto wanacheza chini ya meza.

Shangazi akajifuta mdomo. Akamgeukia dadangu, na kwa sauti tamu kabisa, ile ya kusifia chakula, uso umejaa tabasamu, akasema kwa Kiswahili:

"Fukara hawa, mwanangu. Maskini wa Mungu. Mali hawana, nyumba dhiki, hali zao dhaifu. Mtazame huyu bibi, mkono mtupu kama wa mtumwa. Utakuja kuzeeka humu unanuka kitunguu."

Dadangu akacheka. Nataka nieleze kile kicheko, kwa sababu nakijua, nilikulia nacho. Kilikuwa kidogo, cha puani. Tulijifunza utotoni sote wawili. Shangazi akisema neno la kuumiza, ukicheka haraka, hasemi la pili. Hakikuwa na maana nyingine yoyote duniani.

Upawa ukasimama hewani. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, nilichapwa kwa ajili ya hayo maneno, najua fukara limetoka wapi na maskini limetoka wapi, na mali, na dhiki, na hali, na dhaifu. Nikamfinya Shangazi paja chini ya meza. Akanipiga kofi la mkono akaendelea kutabasamu. Yule mama naye akatabasamu. Akachukua paja zima la bata, akaliweka kwenye sahani ya Shangazi. Dadangu hakumwekea kitu.

Kwenye gari nilishindwa kuvumilia.

"Shangazi, yule mama amekuelewa."

"Amenielewaje? Nimesema Kiswahili."

"Maskini ni Kiarabu! Fukara ni Kiarabu! Umemtukana kwa lugha yake mwenyewe, nyumbani kwake, na bata wake mdomoni!"

"Toka hapa! Maskini ni Kiswahili. Nimezaliwa nalo neno hilo. Mama yangu kazaliwa nalo. Hao Wamisri wamelitoa wapi?"

Nilimchukia, wallahi. Nilipita taa nyekundu kwa kumchukia. Nyuma, dadangu alikuwa ameshika kitambaa cha mkono mdomoni.

Jibu likapelekwa Neasden siku ile ile, kwa simu, na Shangazi mwenyewe: tumeshukuru, riziki haikuandikwa. Baadaye akamwalika Mmarekani Harrow kwa biriani. Alipika kama anaoza binti wa Sultani. Mmarekani akaja na maua, akala vizuri, akasifu kila kitu, kisha akaomba aseme neno. Alisema anatuheshimu mno kuliko kutudanganya. Kampuni imepunguza watu na yeye yumo. Anarudi kwao kukaa na mama yake, na mtu wa hali yake hana uwezo wa kuoa mtu yeyote. Nilimfasiria Shangazi neno kwa neno, na sikuyapunguza makali hata kidogo. Nilifurahia kila neno.

Akaomba kitu kimoja. Kama biriani lililobaki haliwi na mtu, angependa kwenda nalo. Shangazi akamjazia kwenye mikebe ya plastiki. Mlango ulipofungwa akasema, "Kumbe na Marekani kuna ombaomba." Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi yalituponyoka yote.

Dadangu alikuwa ameshaanza kumpigia Mmisri wake. Simu ililia, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, mrefu, mfupi, wa kuomba radhi, wa salamu tu. Zote zilisomwa, hakuna hata moja iliyojibiwa. Akatia sarafu kwenye mashine. Aliyekuja ni yule ndugu, hakuvua hata koti. Akazitoa, akaziweka juu ya mashine, akasema kwa upole, "Dada, mkague mifuko kabla hamjafua." Hakunywa chai.

"Alisikia," dadangu aliniambia usiku ule kitandani, maana bado tulilala chumba kimoja, wanawake wazima. "Alikuwa anapanda ngazi, akanisikia nikicheka. Ningekuwa mimi nisingejibu pia." Alilirudia hilo kwa wiki nyingi. Alikuwa ameshajitengenezea picha nzima, mguu wake kwenye ngazi ya ngapi, mkono wake wapi. Niliposema labda hakusikia, alinijia juu. Nafikiri ilikuwa afadhali kwake awe ameadhibiwa kwa kosa lililosikika.

Mwishowe akasema atakwenda mwenyewe. Hakumwambia Shangazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumba ile bila kuaga, na alitaka niwepo. Alivaa vizuri. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya atakayoyasema, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu kidogo alichojifunza kwenye simu. Atamwambia mama kwamba kicheko kile ni cha woga. Atamwambia atakaa nao kwenye vyumba vile vitatu. Mshahara wake wa nesi ataumwaga kwenye upatu wao mpaka ukuta ukauke, na kitunguu atakata yeye. Atambusu mkono, ule mtupu.

Duka lilikuwa limefungwa. Aliyetufungulia mlango wa juu ni yule mama, peke yake na watoto. Hakushtuka. Alituvuta ndani, akatubusu mashavu yote mawili, kila mmoja wetu, akatukalisha palepale. Kabla dadangu hajafungua mdomo, sinia ya vitamu ilikuwa mezani, vya asali na njugu, vimefungwa kimojakimoja kwa karatasi za dhahabu.

"Kuleni," akasema. "Vya furaha."

Akatoa simu yake, akaiweka mbele ya dadangu. Palikuwa na msichana wa miaka ishirini na kitu, mnene mnene, amevaa gauni la waridi, na yule bwana wetu kando yake, koti jipya, anatazama kamera bila kucheka. Binti wa jamaa zao, akatueleza. Zamu ya upatu imefika, amekwenda Misri amechumbia, harusi baada ya Ramadhani. Ni masikini kama sisi, akasema, na neno hilo akalitamka polepole sana, ili tulisikie lote.

Dadangu akasema hongera. Alisema kwa Kiarabu, mabruk, vizuri kabisa, kama alivyojifunza. Kisha akauliza lile lililomleta, maana mengine yote yalikuwa hayana kazi tena.

"Mama, siku ile. Mwanao alinisikia nikicheka?"

Nilidhani yule mama atamhurumia, kwa sababu uso wake ulikuwa wa huruma, na mkono wake ulikuwa juu ya goti la dadangu.

"Hapana," akasema. "Alikuwa chini na mteja, hakusikia kitu. Mimi nilimwambia. Nilimwambia maneno ya shangazi yako, yote, mojamoja. Hakujali. Alisema mwanamke mzee, anasema tu. Akaniuliza, na binti je, yeye alisema nini? Angekuchukua siku ile, kwa shangazi yako au bila shangazi yako." Akalipapasa lile goti. "Nikamwambia ulicheka."

Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote, na sikuona alipokosea. Nilitaka kusimama, nimshike dadangu mkono tutoke. Lakini mama alikuwa ameshafungua karatasi ya dhahabu, amekishika kitamu kile kwa vidole vyake, amekisogeza mpaka mdomoni mwa dadangu, kama wanavyofanya siku ya harusi. Dadangu akafungua mdomo akala. Alipomaliza, mama akamfungulia cha pili.